Wateja wanauliza "bei?", "ipo?", "mwisho?" kisha wanapotea: mnawajibuje?

Bint_Ilala

Habarini wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua biashara ya mtandaoni kwa ndani.

Nauza viatu vya mtumba vya kike na magauni, pisi moja moja, Instagram na WhatsApp, nikiwa Dar. Kwa siku zinaingia meseji kati ya 40 na 60, na nyingi ni zilezile: "bei?", "ipo?", "size ngapi?", "mwisho bei gani?", "mko wapi?", "mnatuma mkoani?". Nikijibu, wengi wanasoma na kunyamaza. Wakati huohuo walio tayari kulipa wanasubiri kwenye foleni hiyohiyo, na kuna siku kiatu kimoja kinakuwa kimeahidiwa watu wawili.

Nina maswali matatu. Bei iandikwe wazi kwenye posti au mteja aje inbox? Majibu yaandaliwe vipi ili yasile siku nzima na bado mteja ajisikie anaongea na mtu? Na maswali ya kupunguziwa, kasoro na "nitajuaje wewe si tapeli" yajibiweje bila ugomvi? Tafadhali nipeni hatua, "kuwa mvumilivu" nimeshaisikia.

---

Mama_Belo

Mwanangu, anza kwa kuhesabu. Chukua meseji za siku tatu, fungua daftari, kila swali lipe mstari wake na upige vijiti. Swali lililojirudia mara tano kwenye posti moja usimlaumu mteja. Maelezo hayapo, au yapo mahali ambapo macho yake hayafiki.

Instagram inaonyesha takriban herufi 125 za mwanzo za maelezo ya picha, zilizobaki zinafichwa mpaka mtu abonyeze. Wauzaji wengi nafasi hiyo wanaimaliza kwa "Mzigo mpya umeingia wapenzi wahini kabla haujaisha" na vikatuni sita, halafu bei na size viko mstari wa tano. Mteja yuko kwenye daladala, anapitisha picha kwa kidole gumba. Anaona kiatu, haoni bei, anaandika "bei?". Kwa upande wake ameuliza swali la haki kabisa.

Mstari wa kwanza uwe hivi:

V114. Size 38, mguu sm 24. Sh 32,000. IPO. Ilala, tunatuma mikoani.

Hapo tayari umejibu maswali matano kati ya sita uliyoyataja. Maneno matamu yafuate chini, wala hayakatazwi.

Hiyo V114 ni namba ya bidhaa, na iandikwe JUU YA PICHA yenyewe, kwenye kona, siyo kwenye maelezo peke yake. Mteja atapiga skrinishoti, atamtumia dada yake, dada yake atakutumia wewe kwenye WhatsApp baada ya siku mbili na neno moja: "Ipo?" Maelezo yameshabaki Instagram. Picha isipokuwa na namba utaanza kumuuliza "ni ipi hiyo, kuna nyeusi mbili", yeye atakuuliza "kwani hujui vitu vyako?", na mauzo yameshapoa. Na stori vilevile: stori hukaa saa 24, ikishaondoka unabaki na swali lililoulizwa juu ya picha usiyoiona. Bei usiiandike juu ya picha, kwa sababu bei hubadilika na skrinishoti za zamani zitakurudia na bei ya zamani. Kwenye picha namba, kwenye maelezo bei.

Kuhusu bei wazi au inbox: andika wazi. Posti yenye "bei njoo inbox" inakuletea watu wa aina mbili, wanaotaka kununua na wanaotaka kujua tu, na huwezi kuwatenganisha mpaka uwajibu wote. Posti yenye bei inawachuja kabla hawajakugusa. Meseji zitapungua, usiogope, kwa sababu waliobaki wameshaikubali bei au wanakuja kuomba punguzo, na wote hao ni wanunuzi.

Na mtu akiuliza "bei?" chini ya posti yenye bei, usimwambie "soma maelezo". Mjibu palepale kwa namba, kisha umuulize swali moja tu linalosogeza biashara: "32,000, ipo. Uko Dar au mkoani?" Akijibu hilo swali, mazungumzo yameanza. Ukimjibu "32,000" na kunyamaza, umemkabidhi yeye kazi ya kufikiria hatua inayofuata, na wengi wataahirisha. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wale wanaosoma na kupotea.

---

Jumla_Kkoo

Naomba nitofautiane kidogo na mama kuhusu bei wazi. Kwa rejareja sawa. Kwa mzigo wa jumla, ambapo bei ya pea 3 si ya pea 24, ukiandika bei moja unawadanganya wote wawili. Na washindani wanapita kila siku kuchungulia.

---

Mama_Belo

Kwa jumla ni kweli, Jumla_Kkoo, ila hapo pia mteja apate pa kuanzia: "Pea 1 sh 32,000. Pea 6 sh 27,000 kila moja. Pea 24 na kuendelea, piga simu." Ngazi tatu zinatosha. Kuhusu washindani, anayetaka bei yako atakuja inbox kwa jina la dada mwingine na utampa. Unayemficha kweli ni mteja.

---

Mpima_Soli

Nizungumzie swali la size, maana ndilo linaloleta marejesho na lawama kuliko yote, na wauzaji wanalijibu kwa neno moja: "38".

Hiyo 38 ya nani? Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani zinapishana. Kiatu cha kike chenye UK 6 ni takriban 39 ya Ulaya, na kwa Marekani ni kama 8. Mteja anayejijua kuwa "anavaa 8" akiona 8 ya Uingereza anapata jahazi. Mtumba unakuja na lebo za kila nchi, kwa hiyo jibu la size lazima liwe na sentimita.

Hesabu ya namba za Ulaya ni rahisi: chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sm 24 unakuwa 25.5, mara 1.5 ni 38.25, yaani 38. Mguu wa sm 22.5 ni 36. Wa sm 26.5 ni 42. Bandika hii mahali unapojibia.

Mteja asiyejua urefu wa mguu wake mwelekeze kwa meseji moja uliyoiandaa: "Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kiguse ukuta. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kutoka ukutani hadi alama. Pima miguu yote miwili, nitumie kipimo kikubwa." Sisitiza kidole kirefu, kwa sababu kwa baadhi ya watu kidole cha pili kinazidi gumba. Na apime jioni, mguu huwa umevimba kidogo baada ya kutembea. Anayepima asubuhi ndiye anayelalamika kiatu kinabana.

Kwa magauni, "size L" haina maana kwenye mtumba. Lilaze gauni mezani, lisivutwe, pima kwapa hadi kwapa na uzidishe mara mbili. Ukipata sm 48, kifua cha gauni ni sm 96, karibu inchi 38. Kama kitambaa hakivutiki, linamfaa mwenye kifua cha sm 90 hadi 92, si 96, kwa sababu lazima ibaki nafasi ya kupumua na kuinua mkono. Fanya hivyohivyo kiuno na nyonga, kisha urefu kutoka begani hadi pindo. Toa jibu kwa inchi pia. Wateja wengi wa hapa wanazijua inchi zao kutoka kwa fundi cherehani, sentimita hawazijui. Na sema kama kitambaa kinavutika, hilo neno moja linamaliza maswali matatu.

Swali la "ina kasoro?" lijibiwe kabla halijaulizwa. Picha sita kwa kila kiatu: ubavu wa nje, ubavu wa ndani, mbele, visigino kwa nyuma, soli, na lebo ya ndani. Picha ya saba ni ya kasoro yenyewe, kwa karibu, ukiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili mteja aone ukubwa wake. Mchubuko ukipigwa picha peke yake unaweza kuonekana kama shimo, au kinyume chake. Halafu maneno ya moja kwa moja: "Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, kama milimita 3. Ngozi ina mkunjo mmoja juu ya vidole, haijapasuka." Mteja aliyesoma hivyo hakupigii simu kuuliza "ni kizima kweli?", na kikimfikia hana cha kulalamikia.

Kuna jambo moja wanaouza raba wasilifiche. Soli za povu za poliurethani zikikaa miaka mingi huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Nje zinang'aa, zikitembelewa siku mbili zinabomoka kama mkate mkavu. Kabla ya kujibu "ni imara", bonyeza soli kwa dole gumba kwa nguvu na uikunje. Ikiacha alama isiyorudi, ikinata, au ukiona nyufa ndogondogo pembeni, usiiuze. Huko kwenye komenti utasema nini baadaye?

---

Lebo_Tano

Kuhusu kujibu haraka bila kuonekana roboti, vyombo unavyo kwenye WhatsApp Business, ni bure, ila watu wanavitumia vibaya.

Majibu ya haraka: unaweza kuhifadhi hadi 50. Unayaita kwa alama ya mkwaju na neno fupi, mfano /mguu inaleta yale maelezo ya kupima aliyoandika Mpima_Soli. Usihifadhi 50. Nane zinatosha: /mguu, /gauni, /lipa, /bodaboda, /mkoani, /tulipo, /kurudisha, /imeuzwa. Kila moja isizidi mistari mitano, na iishie na nafasi ya wewe kuongeza sentensi moja ya mkono kuhusu kitu alichoulizia. Hiyo sentensi moja ndiyo inayomfanya mteja ajue kuna mtu. Mfano baada ya /mkoani unaongeza: "Hiyo V114 ikilipiwa kabla ya saa 9 leo, inaondoka na basi la kesho alfajiri."

Ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe humfikia anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano. Wengi wameweka "Karibu dukani kwetu, tutakujibu hivi punde." Haumsaidii kitu. Weka: "Karibu. Tunajibu saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Tuma namba iliyo kwenye picha na mkoa uliopo, tukupe jibu kamili mara moja." Sasa salamu yako inafanya kazi ya kukusanya taarifa wakati wewe unapika.

Lebo: programu inaruhusu hadi 20, tumia tano. Ameuliza, Anasubiri malipo, Amelipa, Imetumwa, Imefika. Asubuhi unaanza na "Amelipa", kisha "Anasubiri malipo", mwisho kabisa "Ameuliza". Foleni yako sasa hivi inakwenda kwa muda wa meseji, ndiyo maana mwenye hela anasubiri nyuma ya mwenye udadisi.

Katalogi inabeba hadi bidhaa 500. Kwa pisi moja moja ina hatari: ukisahau kuondoa kilichouzwa, kitaendelea kuulizwa wiki nzima. Kama huwezi kuisafisha kila jioni, usiiweke.

Kitu kingine, punguza meseji za sauti. Sauti ya dakika mbili haitafutiki, haisikilizwi mkutanoni wala kwenye gari lenye muziki, na mteja akitaka kukumbuka bei lazima aisikilize upya. Bei, size, siku na namba ya malipo vyote viandikwe. Sauti iwe kwa mteja aliyeanza yeye kukutumia sauti, maana wapo wasiopenda kuandika, na hata hapo namba ziandike chini yake.

Na lugha. "Dear", "mpenzi", "boss" kwa mtu usiyemjua vinamkera zaidi ya mmoja. Hujui kama ni dada au kaka, sema "karibu" uendelee. Aliyeanza na salamu mrudishie salamu kabla ya bei, na ukiona anayeongea ni mtu mzima, shikamoo haikugharimu kitu. Aliyeanza na "bei?" mpe bei, usimfundishe adabu.

---

Bint_Ilala

Asanteni sana, tayari nimeona makosa yangu kwenye mstari wa kwanza na kwenye salamu. Naomba mnisaidie mbili zilizobaki: "mwisho bei gani?" na hili la kuahidi watu wawili.

---

Mama_Belo

"Mwisho" lina shida pale unapolijibu kwa hisia. Sakafu ya bei ijulikane kabla hujapiga picha. Kiatu umekipata 16,000, kuosha na gundi 2,000, mfuko na bando 1,000. Hiyo ni 19,000. Faida ya chini unayoikubali ni 8,000, sakafu ni 27,000. Iandike kwenye daftari mbele ya V114. Umeposti 32,000, kwa hiyo una 5,000 ya kuchezea.

Shuka mara moja tu. "Mwisho 30,000. Ukichukua pea mbili, 28,000 kila moja." Akisema 20,000, usimtukane wala usimwambie "nenda sokoni": "Kwa 20,000 sitaweza, dada. Ninazo za bei hiyo, nikutumie picha mbili?" Ukishuka mara ya pili, ya tatu atakuomba, na ana haki, kwa sababu neno lako "mwisho" limeshaonyesha kuwa si mwisho. Punguzo ulifunge kwenye kitu: anachukua mbili, analipa leo, au anakuja kuchukua mwenyewe.

Mapatano hayo yafanyike inbox. Bei ya posti kila mtu aione, punguzo la mtu mmoja lisiandikwe kwenye komenti, maana aliyelipa 32,000 jana anasoma.

Kuhusu kuahidi watu wawili, weka sheria moja na uiandike kwenye wasifu: kiatu kinawekwa kwa muda wa saa 2 bila malipo, au saa 24 kwa kianzio cha 5,000, baada ya hapo kinarudi sokoni. Ukimpa mtu namba ya malipo, hapohapo andika jina lake na saa kwenye daftari mbele ya namba ya bidhaa. Wa pili akiuliza "ipo?", usiseme ipo wala imeisha. Mwambie: "Kuna mtu ameiwekea mpaka saa 10. Asipolipa nakuandikia wewe kwanza." Kisha umwandikie kweli. Pesa ikiingia, hariri neno IPO liwe IMEUZWA dakika hiyohiyo, kabla hujafunga mzigo.

---

Mizigo_Mikoani

Dada, "mnatuma mkoani?" usilijibu "ndiyo". Ukisema ndiyo, atauliza kwa njia gani, kwa bei gani, siku ngapi, nalipaje. Meseji nne zaidi. Jibu moja lenye vitu vinne: njia, gharama, siku, na unachohitaji kutoka kwake. "Tunatuma Mwanza kwa basi. Mzigo wa pea moja ni sh 5,000, unalipia na kiatu. Ukilipa leo kabla ya saa 9, unaondoka kesho alfajiri na kukufikia usiku au keshokutwa asubuhi. Nitumie jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, na stendi unayochukulia." Hiyo 5,000 ni mfano, panga bei zako na wakala wa basi kwa kila mkoa na uzipitie zikibadilika.

Stendi ni muhimu. Mwanza pekee kuna Nyegezi na Nyamhongolo, ukikosea, mteja anapanda gari nyingine kufuata kiatu na lawama ni zako. Ukishatuma, mpe picha ya stakabadhi ya mzigo, jina la basi, namba za gari, saa ya kuondoka na simu ya ofisi ya kupokelea. Mteja aliyepewa hivyo vitano hapigi simu. Aliyepewa "nimetuma dada" anapiga kila saa mbili, na hapo ndipo siku yako inapoishia.

Kwa Dar, tengeneza orodha ya maeneo yenye bei za bodaboda uliyekubaliana naye, usikadirie kwa kila mteja. Na usiulize "uko wapi?", uliza "tulete wapi, na saa ngapi?" Mtu akituma lokesheni akiwa kazini Posta wakati anataka mzigo nyumbani Mbagala, pini ya ramani inaonyesha alipo sasa, boda anafika Posta, na safari ya pili hakuna anayetaka kuilipia. Omba pini pamoja na maneno: karibu na nini, nyumba rangi gani, nani atapokea.

Sasa hili la "nitajuaje si tapeli?" Usilichukulie kama tusi. Matapeli wapo, na mtu wa Songea hana namna ya kuingia dukani kwako. Mjibu kwa vitu anavyoweza kuvikagua. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inamwonyesha jina hilo kabla hajaweka namba ya siri, mwambie alitazame na asilipe likiwa tofauti. Mtumie video ya sekunde 15 ya kiatu chenyewe ukikizungusha, pembeni kuna karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo. Kama ana ndugu Dar, mwambie ndugu huyo aje akague na kulipa. Kama bado ana wasiwasi, alipe nusu, nusu nyingine ukimtumia picha ya stakabadhi ya basi. Kulipa mzigo ukifika kubali kwa Dar. Kwa mkoani, kianzio kisipungue gharama ya kwenda na kurudi kwa mzigo, vinginevyo kiatu kitakaa stendi na wewe ndiye utakayekikomboa.

Na wewe jikinge. Meseji ya malipo siyo malipo. Za kughushi zinafanana neno kwa neno, ila hutoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma, na nyingine husoma vizuri kiasi kwamba mtu mwenye haraka hachunguzi. Angalia salio lenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa waliokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Jibu la kuhifadhi: "Asante, nathibitisha salio kisha nakujulisha." Hakuna mteja wa kweli atakayekasirika. Anayekupigia akikuharakisha kwamba boda yuko nje tayari, subiri zaidi.

Akisema "nimezidisha, nirudishie 50,000", usirudishe kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na mtandao wake ili muamala urudishwe kutoka huko. Anayekuomba tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako "ili athibitishe oda" anataka kukuibia akaunti ya WhatsApp. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo. Namba za namna hiyo zinaripotiwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kupitia 15040.

---

Lebo_Tano

Niongeze kwenye hilo la uaminifu. Wengi wanaposti skrinishoti za wateja waliosema "asante nimepokea". Ni jibu zuri kwa anayeuliza, lakini funika namba, jina na picha, na uombe ruhusa kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, mtu hakununua gauni ili namba yake isambae.

Kuhusu waliopotea: mfuatilie mtu mara moja, baada ya saa 24, na uwe na jambo jipya. "Ile V114 bado ipo, na kesho gari la Mwanza linaondoka" ni jambo jipya. "Mbona kimya?" ni kumdai mtu ambaye hakukopa. Asipojibu, mweke kwenye orodha ya matangazo. Orodha moja inabeba hadi watu 256, lakini watakaopata ni wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, kwa hiyo waombe waihifadhi siku wanapopokea mzigo, wakiwa wamefurahi.

---

Bint_Ilala

Nimeandika upya posti moja. Naomba mnikosoe kabla sijaiweka:

"V115. Size 38, mguu sm 24.5. Sh 32,000. IPO. Ilala, tunatuma mikoani. Ngozi nyeusi, kisigino sm 5. Mchubuko mdogo ubavuni kushoto, picha ya 7. Inawekwa kwa muda wa saa 2 bila malipo."

---

Mpima_Soli

Imekaa vizuri, ila hiyo sm 24.5 umeipata wapi? Kama umepima soli ya ndani ya kiatu, usiandike "mguu". Ndani ya kiatu lazima pabaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya vidole.

---

Bint_Ilala

Nimepima ndani, kwa futi ya fundi. Lebo imeandikwa 38.

---

Mpima_Soli

Basi kinamfaa mwenye mguu wa sm 23 hadi 23.5. Kwa hesabu ile, hiyo ni 37, hata kama lebo inasema 38. Andika hivi: "V115. Lebo 38, inakaa kama 37. Mguu sm 23 hadi 23.5." Na huo "mchubuko mdogo" upime, andika milimita.